Kompyuta ya Adui Yangu Niliiunda Mwenyewe

Mzee mmoja wa Mwingi ameniandikia barua kupitia gazeti hili. Anasema tangu azaliwe hajaona mwanamke mwenye kisasi kama mimi, na kwamba angekuwa baba yangu angenichapa. Shikamoo, mzee. Soma ya leo kwanza, halafu uamue kama kiboko bado unakitaka.

Kwa mgeni aliyeokota gazeti hili likiwa limefungiwa nyama, mimi naitwa Ugbad. Nilikuwa mpiga chapa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, taipureta yangu juu ya meza moja barazani. Shirika moja la misaada lilitafuta mtu wa kuandika orodha za wakimbizi wa Dadaab. Likaniambia nikipata kompyuta, kazi ni yangu.

Nikauza ngamia jike niliyeachiwa na marehemu baba. Nikaagiza kompyuta Nairobi, kwenye karakana ya Bwana Fathi, ambaye haweki mashine dirishani. Unajaza fomu, unasema unataka nini ndani yake, naye anaiunda kwa jina lako.

Ikaundwa. Ikasafirishwa. Ikafika Garissa Oktoba 1997, na siku hiyohiyo ikachukuliwa na mtu mwingine.

Stoo ya mizigo pale mjini haijali kitambulisho. Majina yetu yanafanana mno, na mtu huweza kumtuma yeyote wa kwao amchukulie mzigo. Kwa hiyo karani, Mohamedamin, huuliza swali moja tu. Mwenye mzigo ni nani, wa nani, wa nani? Ukitaja babu zake saba bila kukosea, unabandika kidole gumba kwenye kitabu na kwenda zako.

Aliyechukua boksi langu aliwataja wote. Abdow, Nuh, Salat, Shueb, Guhad, Hirsi, Roble. Na mjini humo mwanamume wa ukoo wetu aliyeyajua majina hayo alikuwa mmoja tu, Warfa, mtoto wa baba yangu mdogo.

Wiki mbili baadaye Warfa alikuwa na kompyuta, na kazi ya Dadaab alikuwa nayo. Novemba mafuriko yakaingia stoo na kitabu cha vidole kikaenda na maji, naye Mohamedamin akadai hamkumbuki aliyelichukua boksi. Polisi wakaniuliza namba ya mashine. Sikuwa nayo, karatasi zote zilikuwa ndani ya boksi, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara na simu za Nairobi.

Mji mzima ukasema sijawahi kuagiza chochote, kwamba ngamia wa baba nilimla na kutunga hadithi. Wakanibandika jina. Boksi. Nikipita sokoni, "Boksi, habari ya asubuhi?" Nilipohama Garissa kwenda Nairobi, hakuna aliyenisindikiza ila mama yangu, Bishara.

"Hooyo, mwachie Mungu," aliniambia, maana kwetu mama na mwana huitana hooyo. Sikumwachia.

Nikaajiriwa kwa Fathi yuleyule, kwanza kuandika fomu, baadaye kuunda mashine. Na juma lililopita niliwaacha pale fomu mpya ilipowekwa mezani kwangu. Jina la mteja: Warfa Abdijabar Nuh, Garissa.

Sasa tuendelee.

Nilisoma fomu ile mara tatu. Warfa alikuwa anafungua chuo cha kompyuta, na mashine hii ingekaa kando ya ile aliyonayo. Alitaka memori ya megabaiti thelathini na mbili, spika mbili, kioo cha inchi kumi na tano. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake wa madaha, aliandika: "Boksi lisifunguliwe na mtu yeyote njiani. Litafunguliwa mbele ya mgeni wa heshima, ili watu waone ni mpya."

Nilicheka mpaka Fathi akatoka ofisini.

"Kuna nini?"

"Hakuna, Bwana Fathi. Mteja wa kwetu."

"Ndugu yako?"

"Wa damu."

"Basi mwundie vizuri."

"Wallahi, hajawahi kuundiwa vizuri hivi."

Wasomaji, mnajua ilivyo rahisi kuharibu kompyuta? Waya mmoja ulegee, feni moja ikwame, mashine inakufa ndani ya mwezi. Nililifikiria hilo kwa kama nusu saa. Kisha nikaona ni upumbavu. Mashine ikimfia angesema ni bahati mbaya, watu wangempa pole, na pole ya watu wa Garissa ndiyo kitu ambacho sikutaka Warfa akipate.

Nilitaka iwake.

Nikaiunda kama ninayemwundia mwanangu. Kasha lilitoka Taiwan kwa meli mpaka Mombasa, diski ilitoka Singapuri kwa ndege, na ile akili yake, kipande kidogo cha kutoshea kiganjani, ilitoka Malaysia. Vyote vilikuwa vimezunguka dunia ili vikutane mezani kwangu, ghorofani Eastleigh, vimsubiri Warfa.

Nikafunga skrubu moja moja. Nikaiwasha, nikaiacha ikinguruma siku mbili mchana na usiku, maana Fathi haruhusu mashine itoke bila kupita jaribio hilo. Haikukohoa hata mara moja. Fathi akaipapasa, akaridhika, akasaini.

Ndipo mimi nikabaki nayo peke yangu kabla ya kuifunga.

Kompyuta ikiamka, kuna faili dogo ambalo husomwa kabla ya mengine yote. Nikaandika humo maneno yangu, na nikaiamuru isimame hapohapo mpaka mtu abonyeze kitufe. Kisha nikaenda kabatini, nikatoa fomu yangu mwenyewe ya mwaka uliotangulia. Ile kompyuta yangu iliyopotea ilikuwa na namba. 0412. Namba hiyo imegongwa kwenye bati nyuma ya kasha na haibanduki.

Najua mtauliza. Kwa nini sikuipeleka polisi? Kwa sababu polisi wangemwita Warfa ofisini, wakafunga mlango, wakanywa chai. Mimi nilichekwa sokoni mchana kweupe. Na yeye nilimtaka mchana kweupe.

"Umemaliza?" Fathi aliuliza kutoka mlangoni.

Nikashtuka, nikafunika kibodi kwa mkono kama mwizi.

"Nafunga sasa."

"Ugbad, mashine ya mteja ni amana. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Nilimdanganya mtu aliyenipa kazi nilipokuwa sina pa kulala. Naungama hapa leo. Lakini siku ile sikuona haya hata kidogo, roho yangu ilikuwa imejaa Warfa hadi pomoni.

Nikaitia kwenye boksi, sponji kila pembe, nikabandika lakiri nyekundu kama alivyotaka. Lori likaondoka Jumatatu, likaungana na msafara wa polisi Mwingi, na Jumanne jioni likavuka daraja la Tana. Mimi nilifika Jumatano usiku, nikalala nyumba ya wageni.

Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye kibanda cha chai mkabala na stoo, buibui mpaka machoni. Warfa akaja, kanzu imepigwa pasi, meno nje.

"Warfa, wa nani?" Mohamedamin akamwuliza, ingawa wamekua pamoja.

"Abdijabar, Nuh, Salat, Shueb, Guhad, Hirsi, Roble."

Kuanzia Nuh na kuendelea, ni babu zangu hao. Kila jina lilivyomtoka kinywani nilihisi kama ananiibia upya. Akabandika kidole, akainua boksi, akapita hatua tano kutoka nilipoketi. Chai yangu ikapoa bila kuguswa.

Nyumbani mama alinipokea kwa kunikumbatia, kisha akanishika mabega.

"Umekuja kwa sababu ya Warfa."

"Nimekuja kukuona, hooyo."

"Usinidanganye. Kesho anafungua chuo. Usiende."

"Kwani kuna nini?"

"Usiende tu. Nakuomba mimi mama yako. Mambo hayo yamepita, watu wamesahau."

"Watu wamesahau? Nimeshuka kwenye basi, mtu wa kwanza kuniona ameniita Boksi!"

Mama akaniachia mabega. Akaenda kuteka maji ya kutawadha, na maji aliyoteka akayamwaga nusu chini. Nikaona ni uzee. Nikamhurumia, nikaenda kulala nikiwa na furaha kama bibi arusi.

Ijumaa, baada ya sala. Warfa alikuwa amekodi nyumba ya vyumba viwili, ameweka mikeka nje, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mbuzi watatu walikuwa jikoni. Afisa mmoja wa elimu alikuwa mgeni wa heshima, amefunga tai kwenye joto lile. Mama, aliyeniomba nisiende, alikuja mwenyewe na kuketi mkeka wa nyuma.

Juu ya meza kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ya zamani, ile aliyofanyia kazi ya Dadaab. Ya pili ilikuwa bado ndani ya boksi.

"Wageni wangu," Warfa akasema, "mjini hapa kuna watu walisema mali yangu si halali. Leo mtaona kwa macho yenu. Boksi limetoka kiwandani, halijaguswa."

Afisa akakata lakiri. Makofi. Wakaunganisha waya, jenereta ikavutwa. Warfa akabonyeza.

Ile mashine yangu nzuri ikaamka kwa mlio mmoja safi. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakajitokeza, yakasimama.

Afisa akavaa miwani. Alidhani ni salamu za kiwandani, akasoma kwa sauti ya kuhutubia:

"Mimi nimeundwa na Ugbad binti Abdow Nuh Salat. Dada yangu mkubwa ni namba sifuri, nne, moja, mbili. Aliibwa stoo Oktoba 1997. Yuko hapa kando yangu. Mgeuzeni mumtazame mgongo."

Kimya kilichofuata ndicho nilichokiota miezi tisa.

Nikasimama kutoka mkeka wa wanawake, nikafunua uso.

"Mgeuzeni," nikasema. "Au mnaogopa bati?"

Mtu mmoja akaigeuza ile kompyuta ya zamani. Akapangusa vumbi kwa kidole. "Sifuri," akasoma. "Nne. Moja. Mbili."

Nikatoa fomu yangu kutoka kifuani, muhuri wa Fathi juu yake, nikampa afisa. Jina langu, namba ileile, tarehe.

Mnajua raha? Raha ni kuona watu waliokuita Boksi wakiinamisha macho mmoja baada ya mwingine. Muuza nyanya aliyekuwa akiongoza kunicheka alijifanya anatafuta kiatu chake. Nilitamani siku ile isiishe.

"Abaayo, dada yetu, tusamehe," akasema mwanamke mmoja.

"Subiri," nikamwambia. "Bado. Warfa! Sema mbele ya watu. Mashine hii ni ya nani?"

Warfa alikuwa amepauka. Lakini aliniangalia usoni, na hilo lilinikera.

"Ni yako," akasema.

Mikeka ikavuma.

"Sema uliiiba stoo."

"Sikuichukua stoo, Ugbad."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele. "Wewe, wariya, namba tumeiona!"

"Namba ni kweli. Lakini stoo sikwenda mimi."

"Nani mwingine?" nikamwuliza. "Nani mwingine katika mji huu anawajua Guhad na Hirsi na Roble? Afisa huyu? Yule mbuzi jikoni?"

Watu wakacheka, na mara hii walicheka upande wangu. Warfa akanisogelea.

"Tuzungumze ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Mimi na wewe tu."

"Mimi nilizungumziwa sokoni! Wewe utazungumziwa hapahapa."

Kwetu, mtu aliyedhulumiwa akikosa haki, ana jambo moja la mwisho. Huinua mikono mbele ya watu akamwapiza aliyemdhulumu, na watu wakiitikia amin, hakuna anayelala vizuri mpaka jambo liishe. Halifanywi ovyo. Sikuwahi kulifanya kabla ya siku ile, na Mungu anijalie nisilifanye tena.

Nikainua mikono.

"Ugbad, usiapize," Warfa akasema. Alinijia hatua mbili, mikono mbele kama anayezuia mlango. "Chukua kompyuta. Chukua zote mbili. Chukua na chuo. Lakini usiseme hilo neno."

Nilimwona anavyonisihi na moyo wangu ukapoa kwa utamu. Nikadhani anaogopa kwa ajili yake.

"Kidole kilichobandikwa kwenye kitabu cha stoo siku ile," nikasema kwa sauti iliyofika barabarani, "pamoja na mkono wake, ya Rabbi, vikauke. Visishike kijiko. Visishike maji."

"Amin," watu wakaitikia.

Nikarudia mara ya pili. "Amin!"

Mara ya tatu, nyuma yangu kabisa, sauti moja ikaitikia peke yake baada ya wote kunyamaza, kubwa, imenyooka. "Aamiin." Niliitambua, ilikuwa ya mama. Nikajivuna. Nikasema moyoni, hatimaye hata mama amekubali kwamba haki yangu ni ya kudaiwa.

Warfa aliketi chini kwenye mchanga, na ile kanzu yake ya pasi.

"Mohamedamin," akasema, "lete ile kitu."

Karani akatoka upande wa wanaume. Ndani ya mfuko wa nailoni alikuwa na kitabu kikubwa, kurasa zimevimba na kujikunja, kingo rangi ya tope.

"Kitabu yangu," akaniambia huku akikwepa macho yangu. "Haikubotea. Ilingia maji tu. Mimi likausha juu ya baa ya nyumba miezi mbili. Warfa alinambia ficha, nikaficha."

"Mlificha kwa sababu kidole ni chake!"

"Abaayo, angalia kwanza."

Akafungua Oktoba. Wino ulikuwa umetawanyika, lakini wino wa kidole gumba haufutwi na maji, kidole kilikuwa pale, cheusi, karibu na jina langu. Nikakiinamia.

Katikati ya alama ile kulikuwa na mstari mweupe, umekatiza kuanzia juu mpaka chini, kama kidole kilichopasuliwa vipande viwili.

Alama hiyo naijua. Iko kwenye fomu zangu zote za shule, darasa la kwanza mpaka la nane, pale panapoandikwa "mzazi". Kisu cha kuchinjia kilimteleza mama kabla sijazaliwa.

Mwanamume mmoja tu, nilisema. Miezi tisa nilihesabu wanaume wa ukoo. Sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyenifundisha yale majina saba. Baba alifariki ningali nanyonya. Ni mama, mke wa kutoka ukoo mwingine, aliyekuwa akinisomesha babu wa mume wake kila jioni tukikamua, Nuh, Salat, Shueb, mpaka nikaweza kuwataja nikiwa usingizini.

Nikageuka.

Watu walikuwa wamempisha, amebaki peke yake kwenye mkeka wa nyuma. Alikuwa amesimama, mkono wa kulia umefichwa ndani ya shela.

"Hooyo," nikasema. "Umeitikia amin."

"Nimeitikia."

"Ulijua ni nani ninayemwapiza?"

"Nilijua."

"Kwa nini, hooyo? Kwa nini uliniibia?"

Hata kunitazama hakunitazama. Macho yake yalikwenda kwa Warfa pale mchangani, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kusema, na Warfa akatikisa kichwa, hapana. Sababu yake, juma lijalo.